Kaburi la Sayyida Salme: makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, na waliozikwa humo

Swali: "Mtaalamu, mimi ni mzaliwa wa Unguja. Mwezi wa tano, Mungu akipenda, nakwenda Ujerumani kumtembelea mwanangu. Tangu utotoni nasikia kwamba Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, kazikwa Hamburg. Ni makaburi gani hayo na yana historia gani? Mbona azikwe huko na si kwao? Na nasikia wakubwa wengine wengi wamezikwa hapo hapo. Ni akina nani?"

Jibu: Mama, ulichosikia ni kweli. Sayyida Salme binti Said bin Sultan, ambaye Wajerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete, yuko katika makaburi ya Ohlsdorf, kaskazini mwa jiji la Hamburg, ndani ya kaburi la ukoo wa mumewe. Nitakueleza habari zake, lakini kwanza nianze na mahali penyewe, kwa sababu asiyejua Ohlsdorf ni nini hufika pale akadhani atauliza kwa mlinzi na kuonyeshwa kwa kidole.

Eneo lake ni hektari 389. Mji Mkongwe wote wa Unguja, ule uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia, ni hektari 96. Kwa hiyo makaburi haya peke yake ni mara nne ya mji uliokulia. Mabasi ya jiji yanapita humo ndani na kusimama vituoni kama barabara nyingine yoyote. Tangu yalipofunguliwa, watu zaidi ya 1,400,000 wamezikwa humo. Ni makaburi makubwa kuliko yote duniani yaliyopangwa kwa mtindo wa bustani, yenye maziwa, vijito, misitu, vichochoro vinavyopinda, na kanisa dogo la mazishi kila baada ya mwendo.

Kilichowafanya Wahamburg wajenge kitu kikubwa namna hiyo ni shida ya nafasi. Zamani walizika kwenye viwanja vya makanisa yao katikati ya mji. Mwishoni mwa karne ya 18 wakaanza kuzika nje ya ukuta wa mji, upande wa lango la Dammtor, kila parokia na kiwanja chake. Mji ukakua, ukavuka ukuta, ukavizunguka na viwanja vile, na vyenyewe vikajaa. Ndipo serikali ya mji ikanunua ardhi ya wakulima huko Ohlsdorf, mbali kabisa na mji wa wakati ule, na tarehe 1 Julai 1877 ikafungua makaburi mapya. Haya hayakuwa ya kanisa hili wala lile. Yalikuwa ya mji, na kila mkazi alikuwa na haki ya kuzikwa humo, awe wa dini yoyote au asiwe na dini. Kwa Ujerumani ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Aliyeyapa sura yake ni mtaalamu wa majengo aliyeitwa Wilhelm Cordes. Hakutaka makaburi ya mistari kama kambi ya jeshi. Alitaka mtu aliyefiwa aingie akute miti na maji, atembee, apumue. Udongo uliochimbwa akaufanya vilima, mabonde akayajaza maji. Mwaka 1900 kazi yake ilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya Paris na ikapata tuzo ya juu. Alifariki 1917 na yeye mwenyewe amezikwa humo. Aliyemfuatia, Otto Linne, alikuwa na fikra tofauti, na sehemu ya mashariki aliyoipanga baada ya 1919 ina njia zilizonyooka na viwanja vya pembe nne. Utaiona tofauti hiyo mara tu basi linapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mimi naupenda zaidi upande wa Cordes, na bahati nzuri wengi wa watu utakaotaka kuwaona wako huko.

Sasa kwa nini Salme yuko pale.

Wengi huisimulia habari yake kama hadithi ya mapenzi: binti mfalme, Mjerumani jirani, dirisha kwa dirisha, wakatoroka. Mapenzi yalikuwapo, sikatai. Lakini bila biashara yule Mjerumani asingekuwapo dirishani. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa miongoni mwa wageni wakubwa kabisa katika bandari ya Unguja. Kampuni ya O'Swald iliweka ofisi yake mjini mwishoni mwa miaka ya 1840, na Hansing ikafuata. Faida yao ya mwanzo ilitokana na kitu ambacho watoto wetu wanakiokota ufukweni, yaani kauri. Walizinunua kwa shehena kwenye mwambao wetu, wakazizungusha Afrika nzima kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha, na huko wakanunulia mafuta ya mawese ya kupeleka Ulaya. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikafunga mkataba wa biashara na Sultan Majid.

Rudolph Heinrich Ruete alikuwa kijana wa Hamburg aliyekuja Unguja kwa kazi hiyo, katika kampuni ya Hansing. Salme alikuwa amezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Mama yake alikuwa Jilfidan, suria wa Kicherkasi. Baba yake alifariki 1856 akiwa safarini kutoka Omani, karibu na Shelisheli, na miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama yake. Mwaka huo huo wa 1859 ndugu zake walimwingiza katika njama ya kaka yake Barghash ya kumpindua kaka yao Sultan Majid, kwa sababu Salme alikuwa na ujuzi ambao wanawake wa jumbani hawakuwa nao: alijua kuandika. Alikuwa amejifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Msichana wa miaka 15 akawa katibu wa uasi. Njama iliposhindwa, akabaki kati ya ndugu wasiomwamini.

Basi akamjua Ruete, akashika mimba, na Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko akabatizwa tarehe 30 Mei 1867 kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, hakufika Ujerumani akiwa hai. Wakakaa Hamburg, mtaa wa Uhlenhorst, kando ya ziwa la Alster, wakapata watoto watatu. Agosti 1870 Ruete akaanguka chini ya tramu ya farasi na kufariki. Walikuwa wameishi mjini pale miaka mitatu tu.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea. Husemwa kwamba Salme alizikwa Ohlsdorf "kando ya kaburi alilomzikia mumewe 1870". Angalia tarehe: mwaka 1870 Ohlsdorf ilikuwa bado mashamba. Makaburi yalifunguliwa miaka saba baada ya kifo cha Ruete. Salme hakuwahi kusimama pale akiwa mjane mpya. Yeye aliletwa kwenye kaburi la ukoo wa Ruete akiwa marehemu, baada ya kufariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79.

Na kati ya 1870 na 1924 hakuwa na makazi ya kudumu. Sheria ya Hamburg haikumruhusu mjane kusimamia mali ya watoto wake peke yake, akawekewa wasimamizi, na mali ikayeyuka. Akahama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu apate kula. Akakaa Beirut zaidi ya miaka 20. Zaidi ya yote alitaka kurudi Unguja. Mwaka 1885 alirudi kweli, lakini namna alivyorudi ilimwangamiza mbele ya ndugu zake, kwani aliletwa na meli za kivita za Bismarck, Kansela wa Ujerumani, wakati Ujerumani ikimshinikiza Sultan Barghash juu ya ardhi ya bara. Dai lake la urithi likawa chombo mikononi mwa watu wengine. Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi akiwa mtoto, alikataa kumwona. Akajaribu tena 1888, na mlango haukufunguliwa.

Kwa hiyo ukiuliza mbona hakuzikwa kwao, jibu langu ni kwamba kwao hawakumpokea akiwa hai. Alikuwa ametoka katika dini, amekwenda na mgeni, kisha akarejea na manowari. Kwa nyumba ya Al Busaid wakati ule, moja tu kati ya hayo lilitosha. Nasi tusimhukumu Barghash haraka, maana alikuwa mtawala aliyeona nchi yake inakatwa vipande, na dada yake alikuwa juu ya meli ya wakataji.

Katika kaburi lake kuna maneno ya Kijerumani ambayo ningependa uyajue kabla hujafika. Maana yake ni: "Mwaminifu katika kina cha nafsi yake ni yule aipendaye nchi yake kama wewe." Wageni wengi huyapita wakidhani ni sifa za kawaida za marehemu. Ni maneno ya mshairi Theodor Fontane, kutoka katika utenzi wake juu ya Archibald Douglas, bwana wa Uskochi aliyefukuzwa nchini kwa chuki ya mfalme dhidi ya ukoo wake. Katika utenzi huo Douglas anavumilia miaka saba ugenini, kisha anakuja kumshika mfalme hatamu za farasi, akimwomba amrudishe japo awe mlisha farasi wake, au amuue papo hapo. Mfalme mwanzoni anageuza uso. Mwisho anashuka kwenye farasi, anamsamehe, na maneno hayo ni ya mfalme akimwambia mtu aliyemfukuza. Aliyeyachagua kwa kaburi la Salme alijua anachofanya. Jiwe linamwambia kile ambacho kaka yake hakumwambia.

Husimuliwa pia kwamba alizikwa na kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokuwa amekitunza miaka yote.

Ukitaka kupima umbali, linganisha na baba yake. Sayyid Said amelala pale Forodhani, ubavuni mwa Beit al-Sahel, lile jumba la masultani, na baadhi ya watoto wake waliotawala wako naye. Majid alianza kumjengea baba yao kaburi la kuba, na wenye msimamo mkali katika madhehebu ya Ibadhi wakalipinga, kwa sababu kwao kaburi halinyanyuliwi wala halipambwi. Jengo likaachwa bila kumalizika. Ohlsdorf ni kinyume chake kabisa: malaika wa marumaru wenye mbawa, wanawake wa shaba wanaolia juu ya nguzo, nyumba za kaburi zenye milango ya chuma. Binti wa jumba ambalo halikutaka kuba juu ya Sultan yuko katikati ya hayo yote.

Kuna jingine ambalo msomaji wa Unguja atalishangaa. Ujerumani kaburi si lako milele. Unalipia muda, na Hamburg muda huo ni miaka 25. Ukiisha, familia ilipie upya, la sivyo jiwe huondolewa na ardhi hupewa mwingine. Kaburi la mwaka 1924 haliendelei kuwapo lenyewe tu. Yanayobaki ni yale ambayo ukoo unayalipia au yale yanayohesabiwa kuwa historia ya mji. Yapo pia makaburi ya zamani ambayo mtu yeyote anaweza kuyachukua kwa ulezi: analipia ukarabati wa jiwe la kale, naye anapata haki ya kuzikwa hapo siku yake ikifika. Mimi naona ni mpango wa busara, na umeokoa mawe mengi mazuri.

Hata heshima ya Salme mjini haikutulia. Mwaka 2019 Hamburg ikaupa uwanja mmoja jina la Emily Ruete, hapo Uhlenhorst alipoishi. Haukupita muda jina likaondolewa. Watu walirudi kusoma kumbukumbu alizochapisha 1886 wakakuta ametetea utumwa na kuwasema watu weusi kwa dharau. Ni kweli aliandika hivyo, na mtu akimsoma asiruke kurasa hizo. Waliolima na kupalilia karafuu zilizomlisha hawana jiwe Ohlsdorf wala Forodhani.

Nimekaa sana kwa Salme kwa sababu ndiye uliyemuuliza. Wengine nitawapitia kwa kasi kidogo.

Kama nilivyosema, biashara ndiyo ilimfikisha, na wafanyabiashara wenyewe wako humo humo. Adolph Woermann, aliyefariki 1911, ndiye mwenye meli aliyekuwa na mkono katika kuanzishwa kwa Deutsche Ost-Afrika-Linie mwaka 1890, zile meli za Kijerumani zilizokuwa zikitia nanga Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Meli zake ndizo zilizobeba askari kwenda kuwaua Waherero huko Namibia. Yuko pia Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG, Myahudi aliyeipandisha kampuni hiyo hadi ikawa kubwa kuliko zote za meli duniani, akafariki tarehe 9 Novemba 1918, siku ile ile utawala wa Kaisari ulipoanguka.

Carl Hagenbeck, aliyefariki 1913, ndiye mfanyabiashara wa wanyama aliyefungua bustani ya wanyama isiyo na vizuizi vya chuma, mwaka 1907. Wajerumani wanamkumbuka kwa hilo. Sisi tumkumbuke pia kwa maonyesho yake ya watu, ambapo watu kutoka Afrika na kwingineko waliwekwa watazamwe kwa tiketi. Juu ya kaburi lake alilazwa simba wa shaba aliyelala usingizi, mfano wa simba wake aliyempenda. Mwaka 2014 wezi walimng'oa wakaenda naye.

Heinrich Hertz utamjua hata kama hujui jina lake. Ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya redio yapo, na kila mtangazaji anapotaja "megahezi" anamtaja yeye. Alizaliwa Hamburg 1857, akafariki tarehe 1 Januari 1894 akiwa na miaka 36 tu. Helmut Schmidt, Kansela wa Ujerumani Magharibi kutoka 1974 hadi 1982, yuko na mkewe Loki. Wolfgang Borchert, mwandishi aliyerudi vitani mgonjwa, alifariki Novemba 1947 siku moja kabla tamthilia yake haijaonyeshwa jukwaani kwa mara ya kwanza. Na Hans Albers, mwigizaji na mwimbaji wa nyimbo za mabaharia, ambaye wazee wa Hamburg wanampenda kama sisi tunavyompenda Siti.

Kuna jina moja ambalo utaulizwa na Watanzania wenzako: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918 kwetu. Alifia Hamburg 1964, lakini hayuko Ohlsdorf. Alizikwa Pronstorf, kijijini. Usipoteze muda kumtafuta.

Lakini mama, wasio na majina ndio wengi, na kwao ningekuomba utenge saa moja. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg kwa maji ya mto Elbe yaliyokuwa yakinywewa bila kuchujwa, na kwa wiki chache kikaua watu zaidi ya 8,600. Ohlsdorf ilikuwa na miaka 15 tu, na wachimbaji walifanya kazi usiku na mchana. Halafu Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliuchoma mji. Zaidi ya watu 36,000 wa siku zile wamezikwa pamoja upande wa mashariki, katika kaburi moja lenye umbo la msalaba. Juu ya nyasi yamelazwa magogo ya mwaloni, na kila gogo limechongwa jina la mtaa: Hammerbrook, Rothenburgsort, Hamm. Hakuna majina ya watu, kwa sababu wengi hawakutambulika. Ilijulikana tu waliokotwa mtaa gani. Katikati kuna jengo la mawe na ndani yake sanamu ya Gerhard Marcks, iliyozinduliwa 1952, ya mpiga kasia wa hadithi za Kigiriki akiwavusha wafu mtoni, mama na mtoto wakiwa ndani ya mashua.

Na kabla hujafika mbali, karibu na lango kuu, mkabala na jengo la kuchomea maiti, utaona mnara mwembamba mrefu wenye vyungu vyekundu vya mawe vilivyopangwa safu kwa safu. Vipo 105, na ni kwa ajili ya waliouawa katika kambi za Hitler. Usiupite.

Sasa safari yenyewe. Panda treni ya S1 au U1, ushuke kituo cha Ohlsdorf. Lango kuu liko hapo hapo. Ingia kwanza ofisi ya makaburi uombe ramani. Makaburi yote yamegawanywa kwa miraba yenye herufi na namba, na watumishi watakuwekea alama pale penye kaburi la Ruete ukiwatajia "Emily Ruete". Ukisema "Salme" huenda wasikuelewe. Usikatize njia kwa miguu ukidhani ni karibu, tumia basi la ndani. Karibu na lango pia kuna jumba dogo la makumbusho ya makaburi, linaloendeshwa na wapenzi wa Ohlsdorf, ambao huwa na hamu ya kuzungumza na mgeni aliyetoka Unguja.

Umechagua mwezi mzuri, kwa sababu mwishoni mwa Mei vichaka vya rododendroni vinachanua na Wahamburg wenyewe huja kutembea. Vaa viatu vya kutembelea, chukua koti hata jua likiwaka, na chukua maji. Kama utataka kumsomea chochote Salme, hilo muulize sheikh wako kabla hujaondoka. Katika barua zake ameandika jinsi ule ubatizo wa Aden ulivyomwelemea moyoni, na mimi fani yangu ni historia, sina ruhusa ya kukata shauri hapo.

Na ukirudi, nenda Forodhani, ukaone kaburi la baba yake lisilomalizika. Wengi wetu tunapita pale kila jioni tukienda kula mishikaki na hatujawahi kugeuza shingo.